Maneno niliyomwambia shemeji kuhusu ugonjwa wa dada

Admin, jina langu lifiche, ukoo wetu unajulikana hapa Ifakara. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, nalima mpunga.

Mama yetu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, mdogo wake akafuata. Mwaka juzi ikamkuta dada yangu wa pekee. Nilimsindikiza kliniki, nikamsikia nesi akisema inaletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Sikusubiri amalize. Nilienda kijijini kwao Mbingu nikamwambia shemeji, "Muulize vizuri mkeo, ugonjwa huu hauji hivi hivi." Labda niliogopa, nikatafuta wa kumlaumu.

Shemeji alimrudisha dada nyumbani kwetu, Lumemo. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sijamjua mwanaume mwingine." Haikupita miezi mitatu akafariki, hajui kwamba maneno yale yalitoka kwangu.

Mwaka huu na mimi nilipimwa. Wamekuta mabadiliko, wakayatibu kabla hayajawa saratani. Na mimi sijawahi kuwa na mwanaume zaidi ya mume wangu! Daktari akanieleza kwamba wanawake wengi wanakipata kirusi hicho, hata wa mume mmoja, na mara nyingi mwili unakishinda wenyewe. Ila kuna koo ambazo miili yao inashindwa kirahisi, na huenda sisi ni hao. "Mabinti wenu wachanjwe mapema," alisema.

Binti wa dada ana miaka kumi na nne, na huo ndio umri wa mwisho wa chanjo. Siku walipochanja shuleni kwao, baba yake alimzuia asiende. Nikampigia simu shemeji. Akanijibu, "Mwanangu si malaya kama mama yake. Si wewe mwenyewe uliyenifumbua macho?"

Tangu hapo situlii. Naenda shambani, narudi sijalima. Nikimweleza shemeji kwamba na mimi nimekutwa na kirusi hicho hicho, atamwambia mume wangu, na mume wangu hajui nilipimwa nini. Juzi nilipanda gari mpaka Mbingu, nikafika uani kwao. Binti akanikimbilia, "Shikamoo mama mdogo! Umemfuata baba?" Nikasema napita tu. Nikageuza.

Mwezi ujao anatimiza kumi na tano. Ndugu zangu, nianze kumwambia nani: mume wangu, shemeji, au huyu mtoto asiyejua kwamba ni mimi niliyemfukuzisha mama yake? Nishaurini upesi, siku zinaisha.