Njano ya Mbabula

Asidi kali kuliko zote nilizowahi kupima niliipata juu ya mbabula, jiko la makaa, nyuma ya maabara yetu ya Lubumbashi, kwa makala yaleyale ya kupikia bukari, ugali wetu. Nilikuwa mwanafunzi wa kike wa mwaka wa mwisho na nilijiona nimefika.

Kazi yenyewe ni ya macho. Una unga mweupe uliotengenezwa uwe asidi, nawe unataka kujua kama unaizidi nguvu asidi ya salfuriki, ile inayopita mjini ndani ya malori ya kwenda migodini. Unautia katika kimiminika kikavu, kisha unadondoshea kiashiria, dawa isiyo na rangi. Asidi ikiwa na nguvu ya kutosha, dawa inageuka njano. Viashiria viko kadhaa, kila kimoja kigumu kuliko mwenzake, na kile cha mwisho kukubali kugeuka ndicho kinachokupa kipimo. Adui ni unyevu. Unga ukipigwa na hewa ya msimu wa mvua kwa dakika chache tu, nguvu yake imekwisha, kwa hiyo lazima uupashe moto mkali kabla ya kupima.

Tanuri letu lilitaka umeme, na umeme ulikuja ulipojisikia. Ukikatika, tulitoka na kikombe cha udongo hadi nje, tukakiweka katikati ya makala mekundu na kukifunika kwa kipande cha bati. Mbabula ilikuwa ya mlinzi, ya chai yake. Ujanja huo nilifundishwa na msimamizi wangu, ambaye wote tulimwita Shefu. Yeye mwenyewe aliutumia zamani kwa tasnifu yake ya udaktari. Unga wake ulikuwa bado kabatini, katika chupa iliyozibwa kwa nta, na wageni walionyeshwa.

Siku niliyopima, viashiria vyote viligeuka, hata kile cha mwisho. Shefu aliinua chupa yangu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama njano yake.

"Iko jaune kabisa," alisema. "Samedi utafanya soutenance bila wasiwasi."

Kwa Jumamosi hiyo ya kutetea tasnifu yangu, Mama alikuwa amekwisha kuwaita kaka zake kutoka Pweto. Walikuwa njiani na samaki wakavu wa sherehe.

Alhamisi nilipata nusu saa isiyo na kazi. Nikatia unga katika kimiminika bila kiashiria chochote, kipimo cha kulinganishia tunachokiita témoin, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Ukawa njano. Nikaenda nje kulitazama lile bati. Lilikuwa limeliwa na kutu, na kila lilipopata moto lilidondosha vumbi lake ndani ya kikombe. Unga ukiwa mkavu huoni kitu. Ukilowa ndipo rangi inajitokeza.

Nilikaa chini. Nikiri kwamba niliwaza kunyamaza, na niliwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha nikaenda kwa Shefu na kichupa changu mkononi.

"Chef, nilifanya témoin. Nayo iko jaune."

Alikitazama kile kichupa, akakigeuza, akakitazama tena.

"Nani mwingine anaona?"

"Mi peke yangu."

"Basi anza upya. Ile ni kutu, haiko asidi."

Nilipoteza mwaka mzima. Ulipopashwa tanurini, unga wangu ulishindwa kugeuza hata kiashiria cha pili. Wajomba walikula samaki wao wenyewe, wakarudi Pweto. Nami nilimchukia Shefu kimyakimya, kwa sababu nilijua kwamba unga wake ulipikwa juu ya mbabula hiyohiyo, chini ya bati hilohilo, na hakuna aliyemwambia aanze upya. Nilingoja aitaje chupa yake. Hakuitaja. Sikumuuliza, kwetu mtu hamuulizi Shefu wake jambo la namna hiyo.

Sasa amestaafu, na ufunguo wa kabati ninao mimi. Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha rafu, nikasogeza chupa yake. Nyuma yake palikuwa na kichupa kidogo, kimezibwa kwa nta ileile. Kwenye karatasi alikuwa ameandika kwa mkono wake: unga wa tasnifu, kimiminika, bila kiashiria. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa, siku moja baada ya Alhamisi yangu. Ndani mlikuwa na rangi ya njano.

Nilikuwa nimeitunza hasira yangu miaka yote hiyo, na ghafla sikujua niiweke wapi. Nikampigia simu.

"Allô, Chef. Niko mbele ya kabati."

"Unaona ile ndogo?"

"Naona."

"Andika, mama. Bantu bajue. Mi nilishindwaka kuandika."

Nimeanza kuandika masahihisho leo asubuhi, ili watu wajue ile ilikuwa kutu. Juu ya ukurasa, kabla ya jina langu, nimeweka lake.