Blanketi Kabatini, Sanduku Chini ya Kitanda

Jerotich alikuwa mtu wa kufunga vitu. Pakiti ya sukari aliifunga kwa mpira, barua akishaisoma aliirudisha kwenye bahasha yake, na chini ya kitanda chake, katika chumba alichopanga kwa Waringa, Mkenya mwenzake, huko Rockville, Marekani, palikuwa na sanduku lenye kufuli mbili. Kwa miaka minne alikuwa akilijaza vitu vya mama yake: sweta ya kijani yenye vifungo vikubwa, viatu vyeusi visivyo na visigino, vitambaa vya kichwa, soksi nzito jozi sita. Alinunua kimoja kimoja, akiwaza siku atakapolifungua mbele ya mama kule kwao Litein, Kenya, naye mama aseme kama kawaida yake kwamba hivi ni vitu vya watu wa mjini, halafu avivae siku hiyo hiyo.

Mama akafa Februari ya mwaka 1998, sweta haijamfikia. Kaka yake, Kibet, alipiga simu asubuhi Jerotich akijiandaa kwenda kazini. Mvua zilikuwa zimekata barabara, alisema, kwa hiyo wangezika keshokutwa bila kungoja mtu. Karatasi za Jerotich zilikuwa bado kwa wakili, na kama angetoka Marekani wakati ule asingeruhusiwa kurudi. Akamwambia Kibet sawa. Akaweka simu chini, akavaa sare, akaenda kupanda basi.

Hakumwambia mtu. Alijua vizuri kitakachotokea akisema. Wakenya wenzake wa kanisa la Annandale wangejaa sebuleni kwa Waringa na masufuria ya wali na nyimbo, na kila anayeingia angemshika mkono na kumuuliza, "Unasafiri lini?" Kifungua mimba asiyemzika mama yake atajibu nini? Akanyamaza wiki ya kwanza, akanyamaza ya pili, na kadiri alivyonyamaza ndivyo mlango ulivyozidi kuwa mgumu kufungua. Watu wakimuuliza mama hajambo, alijibu hajambo. Mungu amsamehe, alilijibu hilo hata kwenye ngazi za kanisa, Biblia ikiwa mkononi.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, na mwaka ule alikuwa na mzee mmoja aitwaye Vernon Redwillow, Mlakota, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, mzaliwa wa South Dakota. Alikuja Washington akiwa askari kijana, akaishia kuwa karani huko Arlington mpaka akastaafu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha na jicho moja limeingia ukungu. Mkewe, Audrey, alikuwa amefariki Oktoba ya mwaka uliotangulia. Na usidhani alikuwa mzee wa kutoa busara kwa sauti ya chini huku akitazama mbali. Alikuwa mkali, alilalamikia uji kila siku iliyoumbwa na Mungu, na redio ikitangaza besiboli aliwatukana waamuzi kama wamekaa naye mezani.

Lakini alishona. Audrey ndiye aliyekuwa fundi wa mablanketi ya viraka, yale yenye nyota kubwa katikati. Mzee alianza kujifunza akishamzika. Mishono yake ilikwenda upande, nyota zake nyingine zilikuwa na mguu mmoja mfupi. Jerotich alimtungia uzi kwenye sindano kumi kila asubuhi, akazichomeka kwenye mto mdogo ili zimtoshe mpaka jioni.

"Ya nini mablanketi yote haya?" alimuuliza siku moja.

"Ya kugawa," mzee alijibu. "Kwetu mtu akifa tunakaa naye mwaka mmoja. Mwaka ukiisha tunalisha watu, tunagawa vitu, tunamwachia aende zake."

"Mnamgawia nani?"

"Aliyekuja. Na kile kizuri kuliko vyote nacho kinatoka. Ukigawa usichokitaka hujagawa, umefagia nyumba tu." Akasogeza sindano karibu na jicho lake zima. "Baba yangu alikufa na kijiko kimoja. Hakuna mtu kule aliyemwita maskini. Walimwita mtu."

Jerotich alicheka kidogo, akaenda kuosha vyombo. Maneno yale yalimfuata mpaka jikoni, lakini hakuyapa nafasi ya kukaa.

Septemba mambo yakawa magumu zaidi nyumbani. Mama yake Waringa alifika kutoka Nyeri kumsaidia bintiye kulea mtoto mchanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, anayeshinda jikoni akipika na kuongea peke yake, amevaa jaketi la mkwewe kwa sababu ya baridi, mikono imezama ndani. Hakuwa amemkosea Jerotich lolote. Kosa lake lilikuwa ni kuwa mama, mzima, anayekohoa na kuimba ng'ambo ya ukuta. Jerotich alianza kula mkate na chai chumbani, mlango umefungwa.

"Jero, kwani tumekukosea?" Waringa alimuuliza kwenye korido. "Siku hizi hata hu-come out. Mathe anadhani humpendi."

"Ni uchovu tu," Jerotich alisema.

Siku ya mzee Vernon ya kugawa ikafika, Jumamosi ya katikati ya Oktoba, katika ukumbi mdogo wa chini wa jengo alimoishi. Jerotich alipika supu ya nyama kwenye sufuria mbili kubwa, maana mzee alikuwa amesema watu watakula mpaka washindwe. Walikuja saba. Askari wawili wa zamani kutoka Arlington, mama anayeleta barua, jirani na mkewe, na wanawake wawili waliofanya kazi na Audrey. Kwao, mzee alisema, wangekuja mia mbili. Alisema mara moja tu, kisha akanyoosha tai yake na kuanza kuwashukuru.

Yalikuwapo mablanketi kumi, tisa ya mzee na moja la Audrey. Lile la Audrey lilikuwa la buluu, la mwisho kushona maishani mwake, mishono yote imenyooka, na mzee alikuwa amelala chini yake mwaka mzima. Jerotich ndiye aliyeyateremsha kwa kigari. Akateremsha tisa. La buluu alilikunja vizuri akalificha kabatini, nyuma ya taulo.

Hakufanya kwa ubaya. Yeye alilelewa akijua kwamba mzee havuliwi blanketi baridi ikiwa mlangoni, na kwamba mtu mzima akizidiwa na ukarimu, ni kazi ya watoto wake kumwekea akiba kimyakimya. Litein wangempongeza. Mama yake mwenyewe, aliyekuwa akigawa maziwa mpaka wanawe wanakunywa chai ya rangi, Jerotich alimfichia maziwa hivyo hivyo tangu akiwa na miaka tisa.

Mzee aligawa, akimshika kila mtu mkono. Wageni wakaondoka na mablanketi yao, wengine wakiwa na mawili. Kigari kikawa kitupu.

"Na la buluu?" aliuliza.

"Nimekuwekea juu, mzee. Baridi inakuja."

Hakupaza sauti, na Jerotich angependa kama angepaza. "Mwaka mzima nimejikaza ili leo nimwachie," alisema. "Nawe umemfungia kabatini."

Jerotich alipanda ngazi mbio bila kungoja lifti. Aliporudi na blanketi, ukumbini walikuwamo mzee na mfagiaji wa jengo tu, aliyeingia kupanga viti. Mfagiaji alikuwa ameanza kazi mwezi ule na hakuwahi kumwona Audrey. Mzee akamwita, akampa. Yule mtu alitazama blanketi, akatazama mlango, akauliza kama hawajakosea. Mzee akamwambia hawajakosea, na akamwambia jina la mwanamke aliyelishona. Kisha akalia, wazi, mikono magotini, bila kujifuta. Alipomaliza akasema amechoka, apelekwe kitandani, na kwamba supu ilikosa chumvi.

Kwenye basi la kurudi Jerotich alikaa kiti cha nyuma na mkoba mapajani. Rockville Pike ilipita dirishani, maduka ya fanicha, maduka ya magari, watu wawili wawili wakibeba mizigo. Alikuwa mpweke kiasi kwamba hakujua aanze kuumia wapi. Kichwani mwake lilibaki neno moja la mzee, kufungia, na kila basi liliposimama aliona kufuli mbili.

Kesho yake, baada ya kanisa, akalivuta sanduku. Akatandaza kila kitu kitandani. Kwanza akachagua soksi jozi mbili, akatosheka, akaelekea mlangoni. Akasimama. Alijua anafagia nyumba. Akarudisha soksi, akachukua sweta ya kijani na viatu vyeusi, na akatoka kabla hajabadili nia.

Mama yake Waringa alikuwa jikoni, amekunja mikono ya jaketi mara tatu na bado inamsumbua. Waringa alikuwa mezani ananyonyesha. Jerotich akanyoosha vile vitu kwa mikono miwili.

"Ni zako, mama. Jaribu."

Mwanamke yule aliipokea sweta, akaigeuza, akagusa vifungo. "Hii ni mpya kabisa. Ulinunulia nani?"

"Mama yangu."

"Na yeye atavaa nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema hajambo kwa mara nyingine. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia.

"Mama alifariki," Jerotich alisema. "Mwezi wa pili. Walimzika bila mimi."

"Jero," Waringa alisema polepole. "Si Sunday iliyopita uliniambia ako poa?"

"Nilidanganya."

Mama yake Waringa hakuuliza anasafiri lini. Alizima jiko, akafuta mikono, akavua jaketi la mkwewe na kuvaa sweta ya kijani, akikosea kifungo cha kwanza. Ilimkaa sawasawa. Halafu akamshika Jerotich mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Alikuwa anaitwa nani?"

Miezi minane, na ile ilikuwa pole ya kwanza kumfikia. Jerotich alikaa chini pale pale sakafuni, mgongo kwenye kabati la vyombo, na yule mama akajikunja akakaa kando yake.

"Taprandich," Jerotich alisema. "Alikuwa anaitwa Taprandich."