Mzinga wa Futari

Mwaka wa pili wa vita, wiki moja kabla ya Ramadhani, mama mmoja mshonaji wa Nyamirambo alileta mzinga kwenye karakana yangu Gikondo. Ulikuwa mdogo, wa kizamani, wa kujaziwa baruti mdomoni. Babu yake alikuja nao kutoka pwani zama za misafara, na baba yake alikuwa akiulipua kila magharibi ya mwezi mtukufu ili mtaa ujue saa ya kufuturu. Tangu baba afariki, miaka kumi na minane, haukuwahi kulia. Mama alitaka ulie tena, ila kwanza nimwambie kama ni salama.

Nilimweleza kwamba siku hizi mlango ukibamizwa tu watu wanalala chini. Akanijibu kwamba ameomba ruhusa kwa konseye, mkuu wa mtaa, na anasubiri jibu. Niliogopa, lakini nilishindwa kumkatalia.

Tundu la kuwashia, kule nyuma, lilikuwa limezibwa na kutu. Nikachukua keekee ya umeme nikaanza kulitoboa. Cheche ziliruka mpaka ncha ya keekee ikawa nyekundu. Wakati naisubiri ipoe, nikaingiza fimbo mdomoni kupima kina. Ikakwama. Nikaishika kwa kidole pale ilipolingana na mdomo, nikaichomoa na kuilaza juu ya mzinga kwa nje. Ilipaswa kufika kwenye tundu. Ilipungua viganja viwili.

Kuna kitu kilikuwa kimekaa kati ya fimbo yangu na lile tundu. Nilichomoa waya wa keekee ukutani.

"Mama, baba yako aliulipua lini mara ya mwisho?"

Siku aliyofariki, alisema, baba aliupakia tangu alasiri, akaenda kutawadha, akaangukia mlangoni. Kesho yake wakamzika, na hakuna aliyeukumbuka mzinga. Ulikaa uani miaka yote hiyo, na yeye akipikia kando yake kwa jiko la makaa.

"Kumbe ile ya baba imo bado," alisema polepole.

Nikaujaza maji, nikausimamisha pembeni na kuufunika gunia. Baruti ilihitaji siku tatu kulowa. Siku ya pili wanajeshi wawili walileta jipu ichomelewe bomba la moshi. Wakati ule mtu alichukuliwa kwa neno tu kwamba ni icyitso, mshirika wa waasi, na mimi nilikuwa na baruti ndani. Mmoja wao aliegemea lile gunia akiwasha sigara. Nilichomelea bila kuinua macho, jasho likinitiririka ndani ya miwani. Walipoondoka nilifunga mlango kwa komeo.

Siku ya tatu nilifunga skurubu ya shaba, isiyotoa cheche, kwenye ncha ya fimbo, nikavuta kizibo cha matambara, kisha tope jeusi. Nilikausha punje chache juu ya kigae na kuzigusisha kiberiti. Ziliwaka mara moja, mwali mrefu kama mkono. Tope lote nikalimwaga chooni na kumwagia ndoo nane za maji.

Mama aliporudi, nilikuwa nimeupaka mzinga mafuta ya taa, nikaufuta ukakauka, nikaunyunyizia unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yakatoka, yakachora mstari kwenye chaki, kuanzia kwenye tundu hadi karibu na katikati.

"Ukiupakia tena, utapasuka," nilimwambia. "Utamuua atakayeuwasha."

Aliupitishia kidole ule mstari. Kisha akauliza kama siku ile baba asingeanguka, je, mzinga ungemuua. Nilimwambia kwamba sijui ufa uliingia lini, na kweli sikujua.

Akaniomba niuzibe kwa saruji, kisije kizazi kingine kikaujaribu. Aliikoroga mwenyewe, mikono yake ya kushonea ikiwa ndani ya ndoo, akisoma Fatiha kwa sauti ndogo. Mimi nilishika mdomo wa mzinga usiyumbe akiimimina. Nilijua hauna baruti tena, na bado niligeuza uso pembeni.