Fungu Moja Pamoja na Ngazi

Mimi ni mtu wa kushika mambo kupita kiasi. Marehemu mume wangu, aliyekuwa mchoraji, alizoea kunitania: "Dini nyepesi, mke wangu, mzito ni wewe." Alipofariki niliingia eda nyumbani kwetu Msambweni, nikajiapia kwamba miezi minne na siku kumi sitavuka kizingiti.

Wiki ya tano wifi yangu aliniletea barua. Mwenye chumba alichokuwa akichorea mume wangu huko Diani alikuwa akidai kodi, na dalali angevinadi vyote vilivyomo baada ya siku kumi na nne. Niliisoma, nikaitia chini ya mto. Mambo ya nje yatangoja, nilijiambia. Wifi alipouliza ina nini, nilimjibu, "Ya kawaida tu." Kilikuwa kiburi. Sikutaka anione mjane anayehangaikia mali ndani ya eda.

Mnada haukungoja. Katika orodha ya dalali picha zake zote ziliandikwa "vitambaa vya rangi, fungu moja pamoja na ngazi," na mtu akazichukua kwa bei ya ngazi. Humo ndimo ilimokuwa picha pekee aliyonichora mimi, nimeinama kwenye mwani kule Kibuyuni, kanga imelowa, nacheka. Zile nyingine ningezisamehe. Hiyo niliitaka irudi.

Eda ilipokwisha nilipanda Kwale kwa wakili, binti wa bara mwenye adabu zake.

"Mama, ungekuja kabla ya mnada tungeomba mahakama iusimamishe," alisema. "Sasa tunaweza kuomba ubatilishwe, kwa sababu hakuna mtaalamu aliyezithamini. Au tumdai dalali fidia kwa uzembe. Lakini aliyenunua kwa nia njema ni vigumu kumnyang'anya. Pesa, labda. Picha, sitakudanganya."

"Na eda yangu haihesabiwi? Ningetokaje?"

Aliinamisha uso. "Hilo silijui, mama. Kamuulize kadhi."

Nilikwenda siku ileile, nikiwa na hakika kwamba huko nitapewa haki yangu. Kadhi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Eda haimfungi mtu mwenye haja, mama," alisema kwa upole. "Mchana ungetoka, ukamwona wakili, usiku ukalala kwako. Kwani hukuuliza mtu?"

Sikuuliza. Karatasi za wakili nimezitia saini, na kesi ingali inaendelea. Nina hasira na dalali, nina hasira na mwenye chumba, ila iliyo kubwa ni juu yangu mwenyewe, na nyumbani hakuna wa kumwambia. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angenikuta nimeilalia barua ile, akanicheka, akaniambia, "Simama, mke wangu, vaa buibui lako twende." Na huyo ndiye niliyekuwa nikimkalia eda.