Siku Baba Humadi Alipokaa Bangweni

Hata leo nikisikia akodiani ikivuta pumzi kabla ya kutoa sauti ya kwanza, ule mhemo mdogo wa mtu aliyetaka kusema neno akaghairi, narudi Moroni, mtaa wa Badjanani, nikiwa binti mdogo nisiyeelewa kitu.

Akodiani ilikuwa ya Baba Humadi, mume wa mama mkubwa Eshati. Alikuwa mtu wa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, na kwa kuwa kwetu mume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke, alikuja kuishi nasi, yeye na akodiani yake na kikohozi chake cha tumbaku. Mji mzima ulimpenda. Harusi isiyokuwa na taarabu yake ilikuwa wali uliosahauliwa chumvi. Alikuwa na wimbo wa kumtoa bibi harusi uliowaliza hata wanawake wenye roho ngumu, bibi yangu akiwemo, ambaye misibani hakudondosha chozi. Shuleni nilijigamba kwamba ni baba yangu, na kwa desturi yetu sikuwa nimedanganya sana.

Ukaja uhuru, na nyuma yake serikali ya vijana. Tukawa tunaambiwa mambo mawili yasiyopatana. Shuleni: ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima inayompa mwanamume heshima ya mzee, ni ujinga, inawafilisi watu. Nyumbani: mwanamume asiyefanya ndoa kuu hana pa kukaa. Na hilo la pili halikuwa maneno tu. Pale bangweni, uwanja wa mji, mabaraza ya mawe yalikuwa na wenyewe. Upande wa kivuli ulikuwa wa wazee waliokamilisha ndoa kuu, na Babu, baba yake mama mkubwa, alikuwa na mahali pake tangu sijazaliwa. Vijana wa kamati wakatangaza kwamba jiwe halina mwenyewe. Wakaitisha mkutano mchana kweupe, wakaamuru hata wasichana tuhudhurie, na Baba Humadi atumbuize.

Alipiga mpaka shati likamganda mgongoni. Alipomaliza alitafuta kivuli, akakaa. Akakaa mahali pa Babu.

Nilikuwa karibu. Babu alikuwa amesimama na fimbo yake. Baba Humadi akamwona, akashtuka, akaanza kuinuka. Nilimwona kwa macho yangu, makalio yalikwisha kuliacha jiwe. Hapo vijana wakaanza kupiga makofi. Akageuka kutazama makofi yanakotoka, akatabasamu, akakaa tena.

Nyumbani kukawa hakukaliki. Mama alisema kule Mutsamudu hawana mambo haya ya mawe, maskini hakujua. Mjomba akasema alijua fika, amejiuza kwa vijana. Mimi niliyekuwa nimeona yote mawili nilinyamaza, kwa sababu sikujua niseme lipi. Baba Humadi alipiga magoti sebuleni, akaushika mkono wa Babu ili aubusu. Babu akauvuta polepole.

"Ulikaa mbele ya watu," alimwambia. "Nenda kasimame mbele ya watu, kisha urudi hapa tunywe chai."

Ilikuwa hiyo tu. Mama mkubwa alimbembeleza: "Humadi, ni kusimama tu, wala hakuna atakayekuvunja mguu." Akajibu kwamba kesho atakwenda. Lakini kila alipopita bangweni vijana walimshangilia, naye akapunga mkono na kupita. Hatimaye mama mkubwa aliifunga akodiani kwa kanga yake nzuri, akaiweka mlangoni. Nyumba ilikuwa yake. Baba Humadi akarudi kwao. Nililia kwa hasira, na sikujua nimemkasirikia nani.

Serikali ile ilianguka na wazee wakarudi kwenye mawe yao. Miaka ikapita, na vijana wale wale waliopiga makofi wakafanya ndoa kuu, wakakaa kivulini, na hao ndio waliomsema Humadi kuliko wote. Mji ukapata msemo: kukaa Kihumadi, yaani kukaa bila adabu. Nilipokwenda Mutsamudu kwenye maziko yake nikakuta wanamlilia mtu mpole, mwenye haya, mwenye sauti tamu. Habari za jiwe hakuna aliyezisikia. Nilirudi nikijiuliza kama tumemzika mtu yule yule.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kidogo. Mama na mjomba walikuwa wamesema kweli wote wawili, ila kila mmoja nusu. Mara ya kwanza alikaa kwa uchovu. Mara ya pili alikaa kwa makofi. Maisha yake yote makofi yalikuwa yamemwambia kwamba amefanya vizuri, angejuaje siku yakimdanganya? Namhurumia. Siku nyingine simhurumii hata kidogo.

Majuzi mpwa wangu alikuwa akimsuka binti wa jirani huku akiimba ule wimbo wa kumtoa bibi harusi. Mwanawe akapanda kwenye kiti cha mama mkubwa.

"Shuka hapo, usikae Kihumadi," mpwa wangu akamwambia.

"Humadi ni nani?"

"Sijui. Mtu mmoja wa zamani, hakuwa na adabu." Akaendelea kuimba pale alipoachia.

Nilifungua mdomo nimweleze. Mama mkubwa Eshati, ambaye siku hizi haoni vizuri, akanishika goti.

"Mwache," akasema. "Mwache amalize wimbo."