Digrii Nane za Karanga

Juzi nilipanda kijijini Ihanda kutoka Tunduma kwenda kuwazuia watoto wa kaka yangu wasibomoe jiko la bibi. Nilichelewa. Ukuta ulikuwa chini, mafiga yamesukumwa pembeni, na kwenye majivu nikaokota kigae cha chungu kilichojaa masizi. Mmoja wao akacheka: "Shangazi, msomi mzima unaokota takataka?" Nikakifunga kwenye kitenge. Ngoja nikuambie kwa nini.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa fizikia alitaka tupime joto linalotoka karanga ikiungua. Unachomeka punje kwenye pini, unaiwasha chini ya kopo la maji, unatazama kipimajoto kimepanda digrii ngapi. Kipimajoto kilikuwa kimoja, tukikipokezana kama mtoto mchanga kanisani. Karanga nyingi hazikuufikia moto, tulizila. Tulifanyia uani, maana maabara ilikuwa imejaa magunia ya mahindi ya shule, na upepo wa Mbozi wa mwezi wa saba hauombi ruhusa.

Maji yangu yalipanda digrii nane. Kwa hesabu ya kitabu yangepanda karibu thelathini. Wenzangu wakakifungua kitabu, wakapiga hesabu kinyumenyume, wote wakapata thelathini. Mimi, kwa ujinga au ukaidi, nikaandika nane.

"Hata mgonjwa wa malaria anachemka kuliko karanga yako!" akasema niliyekaa naye dawati moja. Darasa likaangua kicheko.

"Futa hiyo nane," mwalimu akaniambia, "la sivyo ni sifuri." Sifuri ingenitoa kwenye tatu bora, na tatu bora ndio waliokuwa wakienda mashindano ya sayansi Mbeya. Mbeya nilikuwa sijawahi kuiona.

Nyumbani nilimkuta bibi akisonga ugali kwa moto wa magunzi. Nikamweleza huku nalia.

"Mlipikia wapi?"

"Uani, bibi."

"Bila kukinga? Basi nane ni ya maji, iliyobaki mmempikia upepo. Usifute. Ulichokiona umekiona."

Kesho yake akaja shuleni na vigae vya chungu chake kilichovunjika. Mwalimu akamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akachuchumaa, akalizungushia kopo langu vigae. "Washa, mjukuu wangu."

Maji yakapanda digrii kumi na saba.

"Bado si jibu la kitabu, bibi," akasema mwalimu.

"Aliyeandika kitabu ana jiko zuri kuliko langu. Lakini hizo thelathini za hawa watoto, ziliwakia wapi?"

Akakusanya vigae vyake, akarudi navyo jikoni kwake. Nane sikuifuta, sifuri nikabaki nayo, Mbeya wakaenda wengine.

Miaka baadaye, chuo kikuu, nikaonyeshwa kalorimita: chombo cha chuma kizito kinachozamishwa majini ili joto likose pa kutorokea. Wenzangu walinakili kwa heshima. Mimi nilicheka peke yangu kama mwehu. Vilikuwa vigae vya bibi, vimevaa suti.

Sasa bibi hayupo, mafiga hayapo, na magunzi yanaozea shambani. Waliobaki ni wale wa thelathini. Nakutana na wa aina yao kwenye vikao vya utafiti, wananisihi nirekebishe namba za vipimo vyangu zifanane na zao. Naandika nane. Ndiyo maana cheo sina, na usinionee huruma.

Kigae nimekiweka juu ya kabati la vitabu. Binti yangu alikuja na sabuni na dodoki, akitaka kukisugua masizi kipendeze.

Nimemwambia hakifutwi.