Kibaba cha Nini?

Nakumbuka ile Jumamosi niliyotoa betri kwa mizani ya jikoni ya Mum nikaziweka kwa rimoti, kwa sababu mechi haiwezi kungoja lakini unga, kwa maoni yangu, unaweza. Mwanangu, ujinga wangu ulianzia hapo.

Usicheke nikikuita mwanangu. Niko kidato cha tatu na ndevu zangu ni saba, lakini nimepewa jina la babake Mum. Kwa hivyo Mum huniita "Baba," naye Cucu, mamake, huniita "mume wangu" hata mbele ya marafiki zangu. Mwenye mke wa miaka themanini ana haki ya kutoa nasaha.

Hiyo themanini Cucu alikuwa anaitimiza siku hiyo hiyo, na maishani mwake hakuwa amewahi kukata keki yake mwenyewe. Alikuja kwetu Mwiki kutoka Thika na trei ya mayai, na akina mama wa kanisa walikuwa wanafika saa tisa. Mum alikuwa ameapa keki hii hatanunua, ataioka kwa mkono wake.

"Baba, nipimie unga, gramu mia tano," akasema, akichapa siagi na sukari.

Mizani ikakataa kuwaka.

"Hii nayo imekufa lini?"

"Ni uzee, Mum."

Nikachukua kikombe chenye alama ya mililita mia mbili hamsini. Mara mbili, mia tano. Hesabu safi! Nikamwaga vikombe viwili, nikajipongeza.

Keki ilifura, ikatudanganya, halafu ikazama katikati kama barabara ya kwetu baada ya mvua. Mum akaiangalia, akakaa kwa stuli, akahesabu mayai yaliyobaki kwa trei. Mwanangu, mama akianza kuhesabu mayai, heri angekufokea.

Cucu ndiye aliyeuliza. "Mume wangu, ulipima na nini?"

Nikamwonyesha kikombe, nikamweleza hesabu yangu.

"Ngai! Nimeuza maharagwe sokoni tangu mama yako akiwa mgongoni. Gorogoro moja nijaze maharagwe, nyingine manyoya ya kuku. Utabeba gani kwa kichwa?"

"Manyoya."

"Kwa nini, na mkebe ni ule ule?"

Nikakitazama kikombe changu upya. Mililita zangu zilikuwa za maji, na unga ni mwepesi kuliko maji.

Ningerudisha betri, lakini hapo ningejishtaki. Nikatundika henga ya nguo kwa msumari, nikafunga mfuko wa karatasi kila upande. Huku nikaweka paketi ya sukari ya nusu kilo, haijafunguliwa. Huku nikatia unga uliochekechwa, kikombe baada ya kikombe. Cha pili, henga bado imeinama upande wa sukari. Cha tatu, ikaanza kufikiria. Cha nne ndicho kilichoilaza sawa.

"Nne!" Mum akaruka kutoka kwa stuli. Nilikuwa nimeweka nusu ya unga.

Keki ya pili ilisimama wima. Cucu aliikata kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeogopa kuiumiza, na kipande cha kwanza akanilisha mimi. "Mume kwanza," akasema, na kanisa zima likaangua kicheko. Niliona aibu, lakini keki ilikuwa tamu, nikameza vyote viwili.

Basi sikia, mwanangu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini wahenga hawakutuambia kibaba cha nini. Kikombe hupima nafasi. Uzito uulize mizani. Unga ukiushindilia, kikombe hicho hicho kitabeba zaidi, kwa hivyo chekecha kwanza, jaza bila kukandamiza, sawazisha kwa mgongo wa kisu. Kisha andika uzito wake ukutani, usipime kwa kubahatisha tena. Na ukikosa jibu, uliza aliyeuza maharagwe.

Mungu akujalie keki zisizozama, na mke wa miaka themanini wa kukutetea.

Jioni, tukiosha vyombo, Mum alinifuta unga usoni, akatabasamu, akasema: "Asante, Baba. Sasa toa betri zangu kwa rimoti kabla sijasahau kwamba wewe ni baba yangu."